Mwaka wa Pili wa Kifaransa

Shule zimefunguliwa tena. Asubuhi hizi za Januari stendi ya Same imejaa watoto wenye matranka, ndoo, na magodoro yaliyofungwa kamba, na mama zao wanahesabu noti mara ya pili na ya tatu kabla ya kuzitoa. Wengine wameshuka toka Mbaga na Vudee, wengine toka Chome chini ya kilele cha Shengena, wengine wametoka upande wa Gonja na Mamba. Wanaoingia kidato cha kwanza twawatambua upesi: sare zao zingali ngumu kwa upya, na macho yao hayatulii. Lakini leo hatusemi habari za hao. Twataka kusema na wazazi wa watoto wanaoingia kidato cha pili, na hasa wale wachache ambao watoto wao walichagua somo la Kifaransa mwaka jana, kisha likizo hii wakasema, "Baba, nataka kuliacha."

Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Kifaransa katika sekondari zetu ni somo la hiari, tena halifundishwi kila mahali, kwa sababu walimu wake ni wachache. Mtoto akiliacha mwanzoni mwa mwaka wa pili, si rahisi kulirudia, maana wenzake hawatamngoja. Akiendelea nalo kwa moyo nusu, Novemba itamkuta katika Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili akiwa mikono mitupu. Basi shauri lafanyika sasa, na mara nyingi lafanyika jikoni, jioni, kati ya watu wasiojua hata neno moja la lugha hiyo. Si aibu kutoijua. Walakini yafaa mzazi ajue ni kitu gani kinachomlemea mtoto, ili asimwite mvivu bure, wala asimwachie bure.

KWA NINI MWAKA WA PILI HUUMA

Mwaka wa kwanza wa Kifaransa ni kama harusi. Mtoto hujifunza kusalimu, kutaja jina lake, kuhesabu hadi ishirini, kutaja siku za juma. Akirudi nyumbani huwaambia wadogo zake "bonjour", nao humcheka na kumpa jina la Mfaransa. Bibi naye hutaka kusikia. Kila mtu hufurahi.

Mwaka wa pili ndipo lugha huanza kudai mahari yake.

Tuchukue jambo moja tu, habari ya wakati uliopita. Kwetu ni kazi nyepesi: nilikula, nilishuka, nilipanda. Silabi moja, "li", yatosha kwa vitenzi vyote vya dunia. Mfaransa hana "li". Akitaka kusema alikula, hana budi kuazima kitenzi kingine kimsaidie, nacho ni kile cha "kuwa na": j'ai mangé. Mtoto huielewa kanuni hiyo juma la kwanza, akafurahi. Juma la pili mwalimu humwambia kwamba viko vitenzi vingine visivyotaka msaidizi huyo, vyataka yule wa "kuwa". Navyo ni vya kwenda na kuja, kutoka na kufika, kuzaliwa na kufa, kupanda na kushuka.

Kupanda na kushuka! Kwa mtoto wa Upareni hayo ndiyo maisha yenyewe. Hawezi kuandika barua ya mistari mitano ya habari za kwao pasipo mtu kupanda mlima au kushuka tambarare. Basi kila mara hujikwaa. Mvulana husema je suis descendu, "nilishuka". Msichana akiandika hayo hayo hana budi kuongeza herufi moja mwishoni, descendue, ijapokuwa masikio hayasikii tofauti yoyote. Tena ukishuka wewe mwenyewe, msaidizi ni "kuwa". Lakini ukiteremsha gunia la tangawizi, kitenzi ni kile kile, na msaidizi hubadilika: j'ai descendu le sac. Mzazi aliyewahi kuteremsha gunia toka Mamba ajua kwamba kazi yenyewe ni nzito bila sarufi hiyo.

Halafu kuna maandishi. Kiswahili ni lugha ya haki: kila herufi iliyoandikwa husomwa. Kifaransa huandika mengi na kutamka machache. Neno lao la maji, eau, lina herufi tatu, nalo husomwa "o", na hiyo "o" yenyewe haimo katika herufi zile. Mtoto aliyeshika kusoma kwa njia ya ba-be-bi-bo-bu huona kama anadanganywa.

Na hesabu? Sabini kwa Mfaransa ni "sitini na kumi", themanini ni "ishirini nne", tisini ni "ishirini nne na kumi". Hapa mtoto hushika kichwa. Inafaa ajue kwamba majirani zetu wa Kongo na Burundi, waliokuwa chini ya Wabelgiji, wana maneno mafupi ya kusema sabini na tisini, septante na nonante. Akiyasikia kwa dereva wa lori la Kongo asifikiri mwalimu wake alikosea, wala asimsahihishe dereva. Lakini katika mtihani aandike kama alivyofundishwa darasani.

Hayo ndiyo mabaya. Mazuri yapo pia, na wazazi hawaambiwi. Mtoto wetu ana mali ambayo mtoto wa Kiingereza hana. Tangu ananyonya amezoea kwamba neno moja likibadilika, mengine hulifuata: kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri, nyumba nzuri. Chasu chafanya hivyo, Kigweno chafanya hivyo, Kiswahili chafanya hivyo. Kifaransa nacho chafanya hivyo kwa jinsi mbili tu, ya kiume na ya kike. Mtu aliyekwisha kuchunga ngeli zote zile bila kufundishwa na yeyote, jinsi mbili zitamshindaje? Mwalimu mwema huanzia hapo. Kadhalika sauti ya "ny" katika nyama na nyumba, Wafaransa wanayo, nao huiandika gn; neno lao la mlima, montagne, mtoto wa Usangi hulitamka vizuri siku ya kwanza.

SWALI LA MAMA WA TANGAWIZI

Siku ya kufungua shule moja huku tambarare tulimsikia mama mmoja, mkulima wa tangawizi, akisema na mwalimu kijana wa Kifaransa chini ya mti.

"Shikamoo mama," alisema mwalimu.

"Marahaba, mwalimu wangu. Nisamehe, mimi si msomi. Hicho Kifaransa kitamlisha mwanangu?"

Mwalimu alicheka kidogo, akasema, "Mama, peke yake hakitamlisha. Hata Kiingereza peke yake hakilishi."

"Basi kwa nini ahangaike?"

Swali la mama yule ni swali la haki, na twaona halijibiwi kwa kumwambia kwamba Kifaransa ni lugha kubwa ya dunia. Ni kubwa kweli: mwaka 2022 shirika la nchi zinazotumia Kifaransa lilikadiria kwamba wanaokisema ni watu milioni 321, na wengi wanaokitumia kila siku wako hapa Afrika. Lakini mama wa Mamba hauzi tangawizi kwa watu milioni 321. Tumpe majibu ya karibu.

Jirani zetu ndio hao. Rwanda na Burundi waliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia mwaka 2022. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali kwamba Kiswahili na Kifaransa vipewe nafasi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Arusha, ambako kutoka Same si safari ya siku nzima, ndiko makao ya Jumuiya hiyo yalipo. Huko huko ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambamo Kifaransa ni moja ya lugha za kazi. Kabla yake palikuwapo mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyofunga kazi yake mwaka 2015. Kesi zake zote ziliendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na kila neno la shahidi lilihitaji mtu wa kulivusha toka lugha moja hata nyingine. Watu hao walilipwa mshahara mwema, tena mshahara wa kazi ya kichwani.

Tena si lazima mtoto afike mahakamani. Lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi li karibu na mji wa Same, na Kilimanjaro twauona kwa macho siku isiyo na mawingu. Wageni wa Ufaransa na Ubelgiji huja, na kiongozi wa msafara aliye na lugha yao hachukuliwi sawa na yule mwenye "hello" peke yake. Bandari ya Dar es Salaam nayo hupokea mizigo mingi ya kwenda Kongo.

Lakini tusimdanganye mama. Anayepeleka tangawizi Bukavu au Lubumbashi hahitaji Kifaransa sokoni, kwa maana watu wa huko husema Kiswahili. Kifaransa atakihitaji ofisini, mbele ya karatasi na muhuri. Na Rwanda, tangu mwaka 2008 serikali iliamua shule zifundishe kwa Kiingereza, kwa hiyo vijana wengi wa Kigali hawakitumii kama baba zao. Mtu akikwambia kwamba kila ajuaye Kifaransa hupata kazi, huyo anauza kitu.

Jambo moja jingine mama yule hakuambiwa, nalo tulimwambia sisi: daraja la mtihani wa kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Kama Kifaransa ni kimojawapo cha yale anayoyashika vizuri, kitambeba. Kama ni kibovu na masomo mengine saba ni mazuri, hakimwangushi. Mama alinyamaza, akasema, "Ala! Hilo sikulijua," akaenda kumtafuta mwanawe.

LUGHA YA MAPADRE WA KWANZA

Wakristo wa Jimbo la Same wana sababu nyingine ya kutokiona Kifaransa kuwa kigeni kabisa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioleta Injili pwani yetu, shirika lao lilizaliwa Ufaransa mwaka 1703. Walishika kazi Zanzibar mwaka 1863, wakavuka Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1890 Askofu de Courmont na Padre Le Roy wakafika Kilimanjaro, kwa Wachagga wa Kilema. Toka nchi ile ya Kilimanjaro imani ikaja hata milima yetu, na mwaka 1963 Same ikatengwa na Jimbo la Moshi, ikafanywa Prefektura. Mwaka 1977 ikawa Jimbo kamili.

Katika mapadre hao tungependa vijana wa kidato cha pili wamjue mmoja, Padre Charles Sacleux. Alifika Zanzibar mwaka 1879, kijana, hajui Kiswahili. Alisikiliza wavuvi, mabaharia, wanawake sokoni, akaandika. Mwaka 1891 kamusi yake ya Kifaransa kwa Kiswahili ilichapwa. Mtu mwingine angalipumzika. Yeye aliendelea na ile ngumu zaidi, ya Kiswahili kwa Kifaransa, yenye maneno ya pwani yote, kila lahaja na mahali pake, na yenye majina ya miti na samaki. Ilichapwa Paris tangu mwaka 1939 hadi 1941, kurasa zaidi ya 1,000, wakati mtungaji ni mzee wa miaka themanini na zaidi. Tangu kufika kwake Zanzibar hadi buku lile kuanza kutoka ilikuwa miaka 60. Alifariki mwaka 1943. Hata leo wataalamu wa Kiswahili hulifungua buku hilo wakitafuta maana ya neno la zamani, nao hulazimika kwanza kujua Kifaransa! Yaani sehemu ya hazina ya lugha yetu wenyewe imefungiwa katika sanduku la Kifaransa, na ufunguo wake ni hayo hayo masomo ya kidato cha pili.

Neno moja la Kifaransa twalitumia kila Jumapili pasipo kulijua. Padre anapotayarisha kikombe altareni, kilichomo twakiita divai. Wafaransa husema du vin. Watoto wakiambiwa hivyo darasani hutoa macho.

Na kuna habari ya Lourdes, ambayo twaisikia kila Februari lakini sehemu yake moja hupita bila kusemwa. Bernadette alipotokewa na Bikira Maria mara 18 mwaka 1858, alikuwa msichana wa miaka 14, maskini, hajui kusoma. Tena hakujua Kifaransa sawasawa. Kwao walisema lugha ya milima ile, ambayo watu wa shule waliidharau. Na Mama Maria alisema naye kwa lugha gani? Kwa hiyo hiyo ya kijijini. Siku ya 25 Machi alipotaja jina lake kwamba yeye ndiye Mkingiwa Dhambi ya Asili, alilitaja kwa lugha ya milima, wala si kwa Kifaransa. Kifaransa Bernadette alikaa akajifunza baadaye, kwa masista, kwa taabu, kama mtoto yeyote wa Suji au Kilomeni anavyojifunza. Twaisema habari hii kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba mtoto anayesema Chasu nyumbani hawezi lugha za watu, na kwa ajili ya wale wanaomkataza Chasu ili apate Kiingereza. Mtakatifu wa Ufaransa mwenyewe alianza hivyo.

NANI AACHE, NANI AENDELEE

Sasa tutoe shauri letu, nalo ni la wazi. Mtoto ambaye Kiingereza bado kinamwangusha, hata hafahamu swali la Biolojia linauliza nini, huyo Kifaransa kimngoje. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na aliyekosa hicho amekosa mlango. Si kushindwa, ni kuweka mzigo mmoja chini ili kubeba ule wa lazima. Asiyefikia kiwango katika upimaji wa kidato cha pili hukariri mwaka, na mwaka mzima wa nauli na sare si kitu cha kuchezea.

Lakini mtoto anayetaka kuacha kwa sababu rafiki zake wameacha, au kwa sababu mwaka jana alipata alama nzuri na jaribio la kwanza la mwaka huu limemvunja moyo, huyo mzazi amzuie kwa upole walau hadi likizo ya Juni. Kuvunjika moyo kwa mwaka wa pili karibu wote hupatwa nako. Na pale ambapo mwalimu pekee wa Kifaransa amehamishwa na hakuna aliyeletwa, wazazi waende kwa mkuu wa shule wakaulize kwa adabu, tena waende wengi pamoja. Tumeona darasa zima likijifundisha lenyewe muhula mzima kwa daftari la mwaka uliopita, na hakuna mzazi hata mmoja aliyekuwa na habari.

Nyumbani, mzazi asiyejua Kifaransa aweza kusaidia kuliko anavyodhani. Mtoto asome kwa sauti, baba amsikilize. Huna haja ya kujua kama amesoma sawa. Wewe sikia kama anasitasita mahali pale pale alipositasita jana. Dakika kumi na tano kila jioni zafaa kuliko Jumamosi nzima, na msichana aachiwe dakika hizo kabla ya kutumwa maji, si baada yake, wakati amechoka na giza limeingia.

Kama nyumba ina simu yenye intaneti, redio RFI ya Ufaransa ina matangazo ya Kiswahili tangu mwaka 2010, na Redio Vatikano nayo husema Kiswahili na Kifaransa. Habari ile ile ya Baba Mtakatifu mtoto aisikie kwanza kwa Kiswahili, ndipo aisikie kwa Kifaransa, akijua tayari kinachosemwa. Jumapili afanye vivyo hivyo na Injili. Ameisikia kanisani, anaijua. Aisome kwa Kifaransa jioni, mistari sita tu, maneno yatajifungua yenyewe bila kamusi. Pale ambapo hakuna intaneti, amwombe mwalimu ukurasa mmoja anakili kwa mkono.

Na akifika kwenye sala ataona jambo la kumfurahisha. Kifaransa kina "wewe" mbili: tu kwa mtu wa karibu, vous kwa heshima, nasi tuliozaliwa katika shikamoo na marahaba twaelewa haraka. Katika Salamu Maria Wafaransa humwambia Bikira vous. Katika Baba Yetu, tangu mwaka 1966, humwambia Mungu tu. Muulizeni mwanenu kwa nini, mkila chakula cha jioni, mkamsikilize atakavyojibu.

Kabla hajapanda gari, tazameni tranka. Kaunta buku moja iwe ya Kifaransa peke yake, upande wa kushoto maneno, upande wa kulia sentensi aliyoitunga mwenyewe kwa neno hilo, yenye habari za kwao: mbuzi, mvua, mlima, gari lililokwama. Maneno matano kwa siku. Likijaa kabla ya Pasaka, mnunulieni jingine.